Kimbunga kikija Pwani, wa bara naye ajitazame

Bila shaka unaikumbuka Ijumaa ya Mei 3, 2024. Jijini Nairobi watu walikuwa wamegandama kwenye redio na simu zao wakiulizana swali moja tu: Hidaya amefika wapi? Kimbunga kilikuwa baharini, ng'ambo ya kisiwa cha Mafia, kikijongea pwani ya Afrika Mashariki, na siku hiyo Rais William Ruto alitangaza kwamba shule hazingefunguliwa hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa Wakenya wengi kulitumia neno kimbunga bila kumaanisha siasa au kandanda.

Jioni ile mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, alinisimamisha langoni. "Umesikia haya ya Mombasa?" akaniuliza. "Mungu awasaidie watu wa huko." Tulikuwa tumesimama topeni. Nyuma yetu bomba la maji taka la mtaa lilikuwa limepasuka siku ya nne hiyo, maji meusi yakipita mbele ya kibanda cha mama mboga, na watoto wakiyaruka kwenda dukani. Mjukuu wa mzee alikuwa mmoja wao, tena pekupeku.

Usiku nilimpigia simu shemeji yangu anayekaa Likoni kumjulia hali. "Hapa ni upepo na mawingu, shemeji," akanijibu. "Wavuvi hawakwenda baharini na watoto tumewaweka ndani. Lakini mbona nyinyi ndio mnaokufa huko?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumezoea kudhani kuwa kimbunga ni balaa la watu wa Pwani, na kwamba sisi wa bara kazi yetu ni kuwaombea dua na kuchanga blanketi. Rekodi za hospitali, na za makaburi, hazisemi hivyo. Kimbunga kinapokaribia ufuo, hali ya hewa hubadilika katika eneo kubwa mno, kila mahali kwa namna yake, na mara nyingi mahali panapotajwa sana redioni sipo panapotoa maiti wengi wala wagonjwa wengi.

Hebu tulinganishe hali ya sehemu mbalimbali siku zile.

Hidaya kilipokuwa baharini kilifikia kiwango cha kimbunga kamili, yaani upepo wa zaidi ya kilomita 118 kwa saa. Kilipogusa Mafia siku ya Jumamosi, Mei 4, kilikuwa kimeishiwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kuwa nguvu zake zimekwisha. Wengi wetu tulipumua na kuzima redio. Lakini tazama mvua. Mtwara, ambako macho hayakuwa mengi, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 75 katika muda wa saa 12 tu, ilhali wastani wa mwezi mzima wa Mei huko ni kama milimita 54.

Huenda milimita hizo hazikwambii kitu, na si kosa lako, kwa maana hutangazwa bila kufafanuliwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi. Milimita 75 basi ni karibu mitungi minne ya lita 20 iliyomwagwa mahali ambapo ungetandika mkeka mdogo. Paa la nyumba ya vyumba viwili, lenye mita mraba 40, linamwaga lita 3,000. Sasa zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima usio na mitaro, kisha ujiulize maji hayo yanapitia wapi na yanakutana na nini njiani. Hukutana na choo cha shimo.

Katika mkoa wa Lindi barabara inayotoka Dar es Salaam ilikatwa na maji eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na watu wa kusini wakatengwa na wenzao kwa siku kadhaa. Katika ukurasa huu wa afya hilo ni jambo kubwa kuliko upepo. Mfikirie mama mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, na barabara haipo. Mfikirie mgonjwa wa kisukari aliyebakiwa na dawa ya siku mbili.

Dar es Salaam yenyewe, ambako usafiri wa boti kwenda Zanzibar ulikuwa umesitishwa kwa tahadhari, haikupata balaa lililohofiwa. Mombasa vivyo hivyo. Kwa nini kusini kulowe hivyo na kaskazini kusalimike? Huku kwetu, kusini mwa ikweta, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kimbunga kikija kutoka mashariki, upande wake wa kusini upepo hutoka baharini kuingia nchi kavu ukiwa umebeba mvuke, na upande wake wa kaskazini upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Kilwa na Dar es Salaam ziko umbali unaokaribiana kutoka Mafia, moja kusini na moja kaskazini. Kwenye ramani ya televisheni zote mbili zilikuwa ndani ya duara jekundu, lakini mwanakijiji wa Kilwa na mkazi wa Kariakoo hawakuwa katika hali moja ya hewa hata kidogo.

Na Mombasa ina kinga nyingine ya asili. Iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na kimbunga huhitaji kusukumwa na mzunguko wa dunia, nguvu ambayo karibu na ikweta ni hafifu mno. Si kwamba vimbunga havifiki pwani yetu ya Uswahilini. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 hata mikarafuu ikang'oka, na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Ni kwamba huja kwa nadra sana.

Sasa njoo bara. Siku hizo ambapo macho yetu yalikuwa baharini, mafuriko ya masika yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya Wakenya 200. Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka katika njia ya maji chini ya tuta la reli yalibomoka na kuwashukia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini, wakafa zaidi ya 45. Mai Mahiu iko karibu kilomita 500 kutoka baharini. Siku iliyotangulia, mashua ilizama katika mafuriko ya mto Tana, kaunti ya Garissa. Mathare maji yalikuwa yameingia nyumbani kwa watu usiku wa manane. Na katika kaunti ya Tana River kipindupindu kilikuwa kimekwisha kubisha hodi.

Hao hawakuuawa na Hidaya, na sitaki unielewe vibaya. Kimbunga hakikuwa kimezaliwa maji ya Mai Mahiu yalipobomoka. Ninachosema ni kwamba ardhi ya bara ilikuwa imeshiba maji, mabwawa ya mto Tana yamejaa, vyoo vimefurika. Ardhi iliyoshiba haihitaji kimbunga. Mvua ya kawaida tu inatosha. Taarifa iliyopaswa kuwa na herufi kubwa juma lile ilikuwa ya ardhi hiyo. Lakini mkia wa kimbunga unaozunguka kwenye ramani hupendeza macho kuliko choo kilichojaa.

Kama unadhani ninatia chumvi, turudi nyuma hadi Machi 2019. Kimbunga Idai kiliingia Msumbiji usiku wa Machi 14 kupitia mji wa Beira, na picha zote tulizoona zilikuwa za Beira, mapaa yakiwa yameezuliwa. Lakini kabla hakijawa kimbunga, mawingu yake yalikuwa yamepita juu ya Msumbiji na Malawi mwanzoni mwa mwezi na kusababisha mafuriko, kisha yakarudi baharini kujiongezea nguvu. Kwa hiyo watu wa kusini mwa Malawi walikuwa tayari katika kambi za wasio na makao, wakati dunia ingali inasubiri kimbunga "kifike". Baada ya Beira mawingu yakaenda zaidi magharibi, yakakutana na milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, kilomita 200 kutoka ufuoni. Mlima hulazimisha hewa yenye mvuke kupanda, ikapoa, ikamwaga kila ilichobeba. Usiku mmoja mawe na matope yalifunika makazi ya Ngangu na Kopa. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena, katika nchi isiyo na hata hatua moja ya ufuo.

Na Kenya je? Kenya ilikosa mvua. Masika ya 2019 yalichelewa sana, Machi ikawa ya joto kali, na ukame ukawabana watu wa Turkana. Wataalamu walieleza kuwa kimbunga kinapokaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji huvuta mvuke kuelekea kusini, mvuke ambao ungekuja kwetu. Kikikaa mashariki ya Madagaska mambo huweza kugeuka, kikaivuta hewa ya unyevu kutoka misitu ya Kongo na kutuletea mvua. Kwa hiyo kimbunga kilichomzamisha mtu wa Beira kilimkausha mtu wa Lodwar juma hilo hilo. Na daktari atakwambia kuwa kipindupindu hakichagui kati ya hali hizo mbili: maji yakizidi, kinyesi huingia kisimani, maji yakipungua, watu na mifugo hunywa kidimbwi kimoja.

Miaka minne baadaye kikaja Freddy, kilichodumu baharini zaidi ya mwezi mmoja kikivuka bahari nzima ya Hindi kutoka karibu na Australia. Kiliingia Msumbiji mara ya pili kupitia Quelimane, Machi 11, 2023. Msiba mkubwa kabisa haukuwa Quelimane. Ulikuwa Blantyre, Malawi, mji wa milimani ulio takriban kilomita 300 kutoka hapo, ambako miteremko ya Chilobwe na Ndirande iliporomoka juu ya nyumba za maskini. Malawi ilihesabu maiti 679 na watu 537 waliopotea, ambao baadaye walichukuliwa kuwa wamekufa. Isitoshe, nchi hiyo ilikuwa katikati ya mkurupuko mbaya kabisa wa kipindupindu katika historia yake, ulioanza Machi 2022 na kuua zaidi ya watu 1,700. Maji yale yalikuta ugonjwa nyumbani.

Usifikiri hili ni jambo la nchi maskini pekee. Septemba 26, 2024, kimbunga Helene kilipiga jimbo la Florida, Marekani, ambako vimbunga vyao huitwa hurricane, na ambako wananchi wengi wana redio, gari na bima. Waliokufa wengi zaidi katika jimbo moja walikuwa North Carolina, zaidi ya 100, milimani, mamia ya kilomita kutoka ufuo ule. Huko mvua ilikuwa imenyesha siku moja kabla ya kimbunga kufika, ardhi ikashiba. Mji wa Asheville ulikaa siku 53 bila maji ya bomba yaliyo salama kunywa. Na katika mji mdogo wa Marion maji yaliingia katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza karibu asilimia 60 ya dripu zote za hospitali za Marekani. Kwa majuma kadhaa madaktari wa majimbo ambayo hayakuona hata wingu la Helene walikuwa wakipima nani atundikiwe dripu na nani apewe maji ya kunywa kwa kikombe.

Wataalamu wa Marekani walipohesabu waliouawa moja kwa moja na vimbunga kati ya 2013 na 2022 walikuta kuwa asilimia 57 walikufa kwa mafuriko ya mvua. Upepo, ambao ndio unaotumika kukipa kimbunga cheo chake, uliua wachache sana ukilinganisha. Tunakipima kimbunga kwa kitu ambacho si muuaji mkuu, kisha tunashangaa tukizikana bara.

Sasa tuzungumzie maradhi yenyewe, maana hayaji yote kwa pamoja, na hapa ndipo msomaji wa mjini hukosea. Siku ya kwanza ni ya kuzama, kuangukiwa na ukuta na kupigwa na umeme wa nyaya zilizoanguka. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na gari dogo huanza kuelea kwenye maji ya sentimita 30 tu. Dereva wa matatu anayekwambia "hapa napajua" anajua barabara. Hajui kama daraja bado lipo.

Kati ya siku ya kwanza na ya tano huja kuhara. Vijidudu vya kipindupindu huweza kumwangusha mtu saa chache tu baada ya kumeza maji machafu, au baada ya siku tano hivi. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini, wala si vijidudu vyenyewe, na mtu mzima mwenye afya anaweza kufa kabla ya jua kutua ikiwa hakunyweshwa. Kumbuka Beira tena: wagonjwa wa kwanza walithibitishwa Machi 27, 2019, chanjo ya kumeza ikaanza kutolewa Aprili 3 kwa watu zaidi ya 800,000, vituo vya matibabu vikafunguliwa upesi, na kati ya wagonjwa zaidi ya 6,700 walikufa wanane. Wanane, msomaji. Sina mfano bora wa kuonyesha kwamba kifo cha kipindupindu si kudura bali ni uzembe wa mtu fulani mahali fulani.

Kisha jua huwaka, watu huanika magodoro, magazeti huhamia habari nyingine. Hapo ndipo mbu anapoanza kazi. Tangu yai hadi mbu kamili ni siku saba hadi kumi na nne, halafu vimelea navyo vinahitaji muda ndani ya mbu na ndani ya mtu. Kwa hiyo malaria ya kimbunga hufika mwezi mmoja au miwili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kimbunga. Homa inayoletwa na mkojo wa panya, inayoingia mwilini kupitia michubuko ya miguu iliyotembea majini, inaweza kuchukua hadi siku 30 kujitokeza. Ukienda hospitali mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko. Usingoje akuulize, foleni ni ndefu.

Na hapa ulinganishaji wa sehemu unarudi kwa nguvu. Mvua ile ile haileti ugonjwa ule ule kila mahali. Mtu wa Kilifi au Kisumu aliyekulia na malaria ana kinga kiasi fulani mwilini. Mtu wa Wajir hana. Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 zilipogeuza Wajir kuwa ziwa, malaria iliwapiga watu wa huko mwanzoni mwa 1998 kama moto kwenye nyasi kavu, wakubwa kwa wadogo. Garissa nako mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni kwa miaka yaliangua na kuleta homa ya Bonde la Ufa, iliyotoka kwa mifugo hadi kwa wachungaji; ilikadiriwa kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya hiyo pekee. Haikuwa kazi ya kimbunga, lakini funzo ni lile lile: usiogope tu mahali panapopata mvua nyingi kuliko pengine pote, ogopa zaidi mahali panapopata mvua pasipoizoea.

Nitasema wazi ninachokitaka. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila kaunti, tena una mengi ya manufaa. Tatizo ni kwamba utabiri huo ukifika kwetu unakuwa umechujwa hadi maneno mawili, "mvua kubwa", na jina la kimbunga. Afya nayo, tangu 2013, iko mikononi mwa serikali za kaunti, 47 kwa jumla, kila moja na bohari yake ya dawa. Kimbunga hakijui mpaka wa kaunti, na mto Tana haujui pia. Kuna ubaya gani taarifa ya hali ya hewa na taarifa ya afya zikitoka pamoja, asubuhi moja, kwa Kiswahili cha kueleweka? Iseme kaunti hii imenyeshewa milimita kadhaa majuma mawili yaliyopita, ardhi yake imeshiba, mto wake unatoka kaunti ile, na zahanati zenye dripu na dawa ya kuhara ni hizi. Msemaji wa afya asiwe mtu wa kuitwa baada ya mazishi.

Nao wahariri wenzangu wasijitoe. Tulituma wapiga picha ufuoni kupiga mawimbi. Ni wangapi tuliwatuma kupiga picha choo?

Wewe msomaji usisubiri serikali wala gazeti. Siku utakaposikia tena kimbunga kinakuja, usiulize tu kimefika wapi. Uliza mvua imenyesha kiasi gani mahali unapokaa kwa majuma mawili yaliyopita. Uliza maji yanayopita mtaani kwako yanatoka wapi, kwa kuwa mto unaokuzamisha hunyeshewa kwa watu wengine. Anga ya Garissa inaweza kuwa ya buluu wakati mauti yake yanateremka kutoka Mlima Kenya. Kama una mzazi Lindi, Kwale au Hola, mpigie uulize barabara ya kwenda hospitali inapitika, na dawa zake za presha zimebaki za siku ngapi.

Maji ya kunywa chemsha, yafike mchemko hasa, si kuonyesha moshi tu. Wale wa Kisauni na Likoni mnaotegemea visima, kisima kilichofikiwa na mafuriko msikiamini hata maji yakiwa meupe kama kioo, mpaka kitiwe dawa. Mtu akianza kuhara, anza kumnywesha papo hapo wakati unatafuta gari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Mama anayenyonyesha asikatishe.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa baridi kama Nairobi, Limuru na Nyahururu hulipuuza. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo nguo hazikauki, watoto hutetemeka, na jiko la makaa huingizwa chumbani na mlango kufungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa kidogo, akasinzia, na asubuhi majirani huvunja mlango. Watu wanaokufa hivyo hawahesabiwi pamoja na waliokufa kwa mafuriko, ingawa mvua ndiyo iliyowaingizia jiko ndani. Wenye jenereta nao waiweke nje, mbali na dirisha. Wengi katika nchi za vimbunga wamefia nyumbani salama salimini, kimbunga kikiwa kimekwisha kupita.

Jumapili ile, Mei 5, shemeji alinipigia kutoka Likoni. Jua lilikuwa limetoka, akaniambia, na alikuwa amechemsha maji ya kisima sufuria mbili kubwa. Nikamwambia kwetu kungali kunanyesha.

Jumatatu mjukuu wa jirani yangu alipelekwa hospitali akiwa na macho yaliyozama na midomo mikavu. Walimtundikia dripu mbili. Walipompima hawakukuta kipindupindu. Ilikuwa kuhara kwa kawaida, alivyosema mzee, kana kwamba mtoto wa miaka minne kulazwa ni jambo la kawaida. Alitoka siku ya Jumatano. Bomba la maji taka lilizibwa Ijumaa iliyofuata.